Ya Kwanza Ilikuwa ya Stevan

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu, niliifikia kwa njia ndefu. Nilipanda meli Bukoba nikiwa na cheti cha kidato cha nne na viatu vya mjomba, nikashuka Mwanza nikidhani nimefika. Mwanza nilikaa mwaka mmoja. Nairobi nikakaa miwili, nikisukuma toroli za viazi sokoni. Kisha Muscat, mpishi wa familia moja, na familia hiyo ilipompeleka bibi yao Uingereza kutibiwa wakanichukua na mimi, kwa sababu bibi hakutaka kula chakula cha mkono mwingine. Bibi akafariki, wenyewe wakarudi, mimi nikabaki. Ndivyo nilivyoingia London, na visa iliyobakiza miezi minne. Usinicheke. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na kila mji niliofika nilianza kuulilia ule niliouacha.

Kazi niliipata Walthamstow, chini ya tao la reli, kwa mzee wa Kiserbia aitwaye Miro. Alitengeneza pombe kali ya matunda, ile isiyo na rangi, ambayo kwao wanaiita rakia. Ukiiweka kwenye glasi na maji kwenye nyingine, jicho halitofautishi. Kibali chake kilitundikwa ukutani ndani ya fremu. Mtambo ulikuwa wa shaba, wa zamani, umebonyea ubavuni. Alikuja nao kutoka kwao ndani ya gari la mizigo, umefungwa blanketi kama mgonjwa.

Niliipenda kazi ile. Mwisho wa mwezi wa nane zilikuja plamu, kama zile za Lushoto lakini ndogo na zenye unga wa samawati kwenye ganda. Tulizitoa kokwa, tukaziponda, tukazijaza kwenye mapipa bila sukari wala maji, tukaziacha zichachuke zenyewe wiki tatu. Mara mbili kwa siku nilizikoroga kwa mwiko wa mti, na ukiinama juu ya pipa unasikia zikinong'ona. Zikinyamaza, Miro anasema, "Wamelala. Sasa tuwachemshe." Kila kitu kwake kilikuwa watu.

Mvuke unapanda kwenye shingo ya shaba, unapita kwenye bomba lililozama kwenye maji baridi, unadondoka. Miro aliugawa mdondoko ule mara tatu. Ya kwanza aliiita kichwa, hainywewi. Ya katikati aliiita moyo, na hiyo ndiyo tuliyochemsha mara ya pili na kuiweka kwenye chupa kubwa za kioo, kamwe si kwenye mti, isije ikachukua rangi. Ya mwisho, mkia, inanuka kitambaa kibichi, inarudi kwenye mtambo.

Akanifundisha na kunywa. Glasi ndogo yenye kiuno, isiyotiwa barafu. Kwanza unadondosha tone kiganjani, unasugua viganja, unanusa. Ukali unaondoka, linabaki tunda lenyewe, na unajikuta umesimama kwenye shamba ambalo hujawahi kufika. Kisha unanywa kidogo kidogo, unaongea katikati, dakika ishirini kwa glasi moja. "Anayeimeza kwa mkupuo," alisema, "ana haraka ya kwenda wapi?"

Lakini mezani aliweka glasi tatu, na sisi tulikuwa wawili. Treni ikipita juu yetu, glasi zote kwenye rafu zililia. Ile ya tatu mezani haikulia. Niliitazama mwezi mzima, mwanangu, na sikuwahi kuisikia.

Na kila Ijumaa mchana Miro alibeba jagi la samawati lenye ile ya kwanza, akavua kofia, akaimwaga taratibu kwenye mtaro wa nje huku akisema jina. Stevan.

"Unammwagia nani, mzee?" nilimuuliza.

"Ndugu yangu. Yeye haiwezi kumdhuru tena."

Nilidhani ni mzaha wa wazee. Tena moyoni nilimhurumia kwa ujinga wake, maana mimi nimezaliwa kwenye kazi hii. Bibi yangu mzaa mama alipika gongo la rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, na kwetu ile ya kwanza ndiyo ya heshima. Ndiyo inayowaka moto wa buluu ukiitupia kiberiti. Haikuuzwa kwa wapita njia. Iliwekwa kwa mgeni mkubwa, mzee wa ukoo, mwalimu mkuu, na mwenye nyumba aliionja mbele yake kidogo kumwondolea wasiwasi. Sasa namwona mzungu anaimwaga mtaroni! Ijumaa moja ya mwezi wa kumi, kabla hajaja na kofia yake, nilichukua chupa ya soda nikaijaza kutoka kwenye lile jagi.

Miro alipoliinua akalipima mkononi.

"Imepungua."

"Imepaa yenyewe, mzee. Kuna joto."

Akanitazama, akatazama mtaro. "Basi leo ataondoka na kiu," akasema.

Jumapili nilikwenda Lewisham kwa Projest. Huyu alikuwa mtu wa kwetu, wa kata yetu hasa, amenizidi miaka mitano. Alinilaza kwenye kochi lake miezi mitatu nilipokuwa sina pa kwenda, na hakuniuliza hata mara moja nitaondoka lini. Aliendesha basi. Alikuwa anaipenda ile kazi mpaka Adela mkewe anasema akilala mguu wake unakanyaga breki. Nilitaka kumheshimu, na kwa mtu wa kwetu sikujua heshima kubwa kuliko ile.

Tulikula mchana baada ya misa. Nikaitoa chupa, nikaonja kidogo mbele yake kama inavyotakiwa, nikammiminia.

"Waitu!" Projest akapokea kwa mikono miwili. "Ya kwanza? London hii?"

"Ya kwanza kabisa. Ya plamu."

Adela akanusa glasi akarudisha shingo. "Audax, hii inanukia saluni. Si ndiyo ya kutolea rangi ya kucha hii?"

"Wanawake wa mjini," Projest akasema, "mpaka pombe wanataka inukie sabuni. Bibi yake huyu alikuwa anapikia mapadri!"

"Na mapadri hao wako wapi sasa?"

Tukacheka. Projest akanywa nusu ya chupa, huku mimi namnywesha kwa mkono wangu, na nilipoondoka alikuwa anaimba.

Jumatatu saa mbili asubuhi Adela akanipigia simu. Sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Njoo. Projest ameamka ananiuliza kama theluji imeanguka humu ndani."

Niliwakuta hospitali. Projest ameketi kitandani, macho wazi kabisa, yanatazama ukutani juu ya kichwa changu. Alikuwa ametapika na anahema haraka kama aliyepanda ngazi. Kila kitu ni cheupe, alisema. Cheupe chenye mwanga, hakuna ukuta, hakuna Adela.

"Ila kuna mtu," akasema.

"Usianze, baba Leti," Adela akamwambia mumewe.

"Kasimama pale. Kavaa soksi za sufu za kupanda mpaka magotini, moja ina kiraka chekundu. Ana kikombe. Anakigeuza juu chini, ananionyesha kuwa hakina kitu."

Daktari akaingia, msichana mdogo mwenye kalamu nyuma ya sikio. Akauliza alikunywa nini. Adela akasema, "Huyu ndiye aliyeleta, huyu anajua." Wote wawili wakanigeukia. Na Projest naye akageuza uso, akanikosa, akaelekea dirishani.

Mwanangu, hapo ndipo nilipo mpaka leo. Nilifikiria visa yangu iliyokwisha. Nilifikiria kibali cha Miro ukutani. Nikafikiria kwamba labda ni malaria ya zamani imempanda kichwani, kesho atakuwa mzima, na mimi nitakuwa nimejifukuzisha nchi bure.

"Ya dukani, daktari," nikasema. "Vodka ya kawaida tu."

Akaandika.

Nikapanda treni mpaka Walthamstow, si kwa ushujaa, ni kwa kuwa ilikuwa siku ya kazi na sikujua mahali pengine pa kwenda. Miro alikuwa anaosha chupa. Nikafunga aproni, nikaanza kufuta, na ghafla nikasikia mdomo wangu unaeleza. Chupa ya soda, Lewisham, weupe, yule mtu. Nilipofika kwenye soksi, mzee akazima bomba.

"Kiraka kiko mguu gani?"

"Sikuuliza."

"Wa kushoto," akasema. "Mama aliishiwa uzi mweupe."

Akakaa juu ya kreti. Alinisimulia bila kunitazama. Walikuwa vijana, wanachemsha na baba yao kwenye ghala, bila kibali. Stevan alikunywa ile ya kwanza kwa kushindana na yeye Miro, mdogo wake, nani ana koo gumu. Kesho yake akasema kumeanguka theluji, na ilikuwa msimu wa plamu. Daktari wa mji akaja na begi lake, akauliza kijana amekula nini.

"Mimi nikasema uyoga. Niliogopa watauchukua mtambo wa baba. Daktari akamtibu uyoga mpaka asubuhi." Treni ikapita juu. "Hawakuuchukua. Ndio huo."

Nikautazama ule mtambo wa shaba na ubavu wake uliobonyea, niliousugua kwa limau kila Jumamosi, nikasogea nyuma hatua moja.

"Ulimwambia daktari nini?" akaniuliza.

Nikamwambia.

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alisimama, akavaa koti, akaishusha ukutani ile fremu yenye kibali chake, akaitia kwapani. "Twende. Utasema ni ya kwanza, ya plamu, imetoka kwangu. Utasema wewe, si mimi."

"Watakufungia, mzee."

"Nimeshafungiwa miaka hamsini, Audax. Tembea."

Nilisema. Saa nne zilikuwa zimepita tangu nilipodanganya. Yule daktari alinisikiliza mpaka mwisho, akatoka karibu anakimbia, wakabadilisha dawa, wakamuunganisha Projest na mashine ya kusafisha damu. Hakuniambia kwamba zile saa nne ndizo zilizokula macho yake. Nami sikuuliza. Adela hakuuliza pia, lakini nilimwona anatazama saa ya ukutani, midomo inatembea.

Siku ya nne Projest aliniita. "Yule mtu ameondoka," akasema. Nilimuuliza saa ngapi. Jana mchana, akasema. Jana mchana Miro alikuwa ametaka ile nusu iliyobaki kwenye chupa ya soda, nikampelekea, akavua kofia na kuimwaga mtaroni. Sisemi lolote juu ya hilo. Nakueleza tu kama lilivyokuwa.

Macho yalirudi kiasi. Aliona watu kama walio nyuma ya pazia la bafu. Zaidi ya hapo hayakuja. Basi hakuendesha tena.

Nilipokuwa namuuguza, ndipo walipoanza kunijia kichwani wageni wa heshima wa bibi yangu. Mzee wa ukoo aliyeshikwa mkono kwenda msalani. Mwalimu mkuu aliyeacha kazi kwa sababu ya ukungu. Padri aliyetabasamu upande ambao hukuwepo. Tuliwajua tangu utoto, wale vipofu watatu, na tulijua pia aliyewaroga: mama mmoja mjane wa bondeni. Alifukuzwa kijijini na godoro lake kichwani. Nilikuwa na miaka tisa, nikarusha jiwe. Bibi yangu alikuwa mbele, anazomea kuliko wote, na harufu ya gongo la kwanza mikononi.

Maofisa walikuja kwa Miro, wakapima, wakaandika, wakaona mtambo hauna kosa. Kosa lilikuwa na jina langu. Lakini mzee hakuuwasha tena. Nami nilikwenda mwenyewe kwenye ofisi yao ya uhamiaji, nikasema niko hapa, visa imekwisha, nataka kwenda kwetu. Karani akadhani hajanisikia vizuri.

Siku ya kuondoka, Projest alikuja uwanja wa ndege. Sikumwalika. Alikuja ameshika kiwiko cha Adela, amevaa tai, tukasimama pembeni ya foleni ya mizigo. Akanipapasa bega, akanipapasa shavu.

"Umekonda," akasema.

"Kidogo."

"Nimekusamehe, Audax. Nimesema kanisani na nasema hapa. Lakini ukifika usinipigie simu. Mimi ndiye nitakayepiga, siku nikiweza."

Adela alinikabidhi mkate uliofungwa kwenye karatasi, wa njiani, wakageuka. Nilimwona akimwambia kwa sauti ndogo, ngazi, ngazi nyingine, sasa tambarare, mpaka watu wakawaziba.

Basi, mwanangu, shika haya mawili. Usimpe mtu kitu kwa heshima tu kwa sababu ulikuta kinapewa kwa heshima. Kijue kwanza, uliza kimewafanya nini waliokipokea kabla yake. Na siku utakapokosea, maana utakosea, siku hiyo ukaulizwa, jibu papo hapo. Uongo wa woga huwa mfupi, maneno mawili matatu, na mwenzako analala gizani muda wote unaoutumia kujikusanya. Mimi nilitumia saa nne. Bado simu haijalia.

Mungu akutangulie huko unakokwenda. Akupe nyumba yenye watu wa kukwambia ukweli mchana kweupe, akupe na wepesi wa kuwaambia wako. Wazee wako waliolala wasikudai chochote. Amina.