Magugu Upande wa Mwalimu

Katika chumba cha kufulia cha hoteli moja kubwa alikuwapo mwanamke aliyepiga pasi mashuka kwa miaka kumi na tisa. Wenzake walimwita Mama Mkunjo, kwa kuwa hakuvumilia mkunjo hata mmoja, uwe wa shuka au wa tabia ya mtu. Akiona kosa, anasema hapo hapo. Mume hakuwa naye, watoto hakujaliwa. Alichokuwa nacho duniani ni nusu ya nyumba ya marehemu mama yake, nusu ya bustani ya nyuma, na siku moja ya mapumziko, Jumanne.

Nusu ya pili ya vitu hivyo, ukiondoa Jumanne, ilikuwa ya mdogo wake, mwalimu wa chekechea.

Ndugu hawa walikuwa hawasemeshani, na ugomvi wenyewe ulianza na maji. Masika ya kwanza baada ya mama yao kufariki, Mama Mkunjo aliona nyanya zake zinataka kuelea. Akashika jembe, akachimba mfereji harakaharaka bila kuangalia unaelekea wapi. Ulielekea kwa mdogo wake. Kulipokucha, mwalimu alikuta miche yake ya biringanya imelala kwenye tope, nayo ilitokana na mbegu za mwisho alizoacha mama.

"Dada, hata kuniambia tu umeshindwa?" aliuliza. "Mbegu za mama hizi."

Mama Mkunjo alijua amekosa. Lakini aibu ikimbana mtu, ulimi hutafuta pa kutokea. "Leo ndiyo unamjua mama?" alisema. "Nilipokuwa namgeuza kitandani ulikuwa wapi? Wewe mama ulimwona siku ya kuzikwa."

Wakati ule wa ugonjwa mwalimu alikuwa amepangiwa shule ya mbali, na dawa zote za mama zilitoka kwake. Mama Mkunjo alilijua hilo kuliko mtu yeyote, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akizipokea. Mdogo wake hakumkumbusha. Aliokota miche miwili iliyosalia, akaingia ndani. Kesho yake alipanga matofali katikati ya bustani.

Miaka miwili na ushei ikapita hivyo. Salamu zilipitia kwa jirani, fundi redio. "Mwambie huyo mwenzako taa yake ya nje inawaka mchana," na fundi anageuka kumwambia mtu aliyesimama hatua nne tu kutoka hapo na aliyekwisha kusikia kila neno.

Upande wa mwalimu ulikuwa msafi kupita kiasi. Ungeweza kutandika shuka kati ya matuta ukalala. Kwa hiyo Jumanne moja ya masika, Mama Mkunjo akipalilia mchicha kwenye manyunyu, mfuko wa plastiki kichwani, alishangaa kuona magugu yamechipua ng'ambo ya matofali. Ni aibu kusema, lakini moyo wake ulifurahi kidogo. Wiki iliyofuata yalifika kwenye vifundo vya miguu. Jumanne ya tatu yalikaribia magoti, na kwenye kamba ilining'inia blauzi ya bluu, ambayo tangu Jumamosi ilikuwa ikilowa, ikikauka, ikilowa tena. Mwalimu hakuwa mtu wa kuacha nguo inyeshewe.

Furaha ile ikamwisha. Alikwenda kugonga mlango, akarudi. Akaenda tena, akarudi. Mwishowe akavuka matofali, akainama, akaanza kung'oa. Mvua ikakaza, tope likamvua kandambili moja, naye hakuacha.

Dirisha likafunguka.

"Dada," sauti nyembamba ilisema, "hiyo unayong'oa ni bamia."

Akatazama mkononi. Kweli, bamia.

"Irudishe basi, kabla haijajua."

Mama Mkunjo alicheka, akairudisha ardhini, akaishindilia kwa vidole. Alipoingia ndani hakuhitaji kuelezwa. Miguu ya mdogo wake ilikuwa imevimba, mikono imekonda kama fito. Ni figo. Shule ilishampa likizo ya ugonjwa mwezi wa pili sasa, na hospitali alipelekwa na mwalimu mwenzake.

"Tunatenganishwa na ukuta mmoja tu, na hukuniambia?"

"Nilikuwa nimekununia," mwalimu alisema. "Mtu umemnunia, halafu umwombe akuchemshie maji? Kununa gani huko?"

Tangu siku hiyo Mama Mkunjo alimhudumia kabla ya zamu na baada ya zamu, lakini siku yao hasa ilikuwa Jumanne. Mvua haikukatika masika yale. Dada mtu alilima pande zote mbili, na mdogo mtu alikaa kwenye kigoda mlangoni, blanketi mabegani, akitoa amri kama yuko darasani.

"Unalima kama unapiga pasi. Unasukuma mbele, unarudi nyuma. Udongo hauna mikunjo, dada."

"Njoo ulime wewe, basi."

"Mimi mgonjwa. Wagonjwa husimamia."

Kulikuwa na jambo moja Mama Mkunjo alitaka kulisema. Aliliandaa kila Jumatatu akipanga mashuka, na kila Jumanne akashika jembe badala yake. Mara moja tu alijikaza. Akasimamisha jembe, akasema, "Mdogo wangu, lile neno la siku ile, kuhusu mama..."

"Leo mvua ni nzuri," mwalimu alimkata, macho yake yakiwa kwenye matuta. "Usiiharibu."

Mama Mkunjo akaona bado kuna wakati. Akaendelea kulima.

Ijumaa ya wiki ya saba mwalimu alibanwa na pumzi, wakampeleka hospitali. Dada yake alikaa naye mpaka muda wa kuona wagonjwa ulipokwisha. "Nenda kazini kesho," mwalimu alimwambia. "Jumanne tutapunguza biringanya, zimesongamana."

Jumamosi hoteli ilikuwa na wageni wa mkutano. Simu ya Mama Mkunjo ililia ndani ya kabati, na kelele za mashine zikaimeza. Mchana aliikuta imepigwa mara tano. Alipofika wodini, kitanda kilikwisha kutandikwa shuka jingine. Shuka lilikuwa limekaa upande, naye, bila kujua afanyacho, akalinyoosha kwa viganja mpaka pembe zikakaa sawa. Muuguzi akamshika bega. Ndipo alipokaa chini, sakafuni, akalia.

Hakuna aliyemwambia kitu cha kumuumiza. Msibani watu walimsifu alivyomuuguza ndugu yake, naye kila sifa ilimchoma, kwa sababu alijua kwamba saa ile ya mwisho alikuwa anapiga pasi, na kwamba aliwahi kumlaumu mtu kwa kosa dogo kuliko hilo. Neno lake la msamaha alibaki nalo. Alijaribu kumwambia mwenzake wa pasi. Mwenzake akasema, "Alishakusamehe, si mlikuwa mnacheka?"

"Tulicheka," alijibu. "Lakini sikumwomba."

Jumanne mbili za kwanza hakutoka nje. Ya tatu alitoka kwa kuwa magugu yalikuwa yameanza tena. Alipunguza biringanya, na bila mtu wa kumwongoza akang'oa nyingi mno. Bamia zilizaa sana. Aliziacha zikakomaa shinani, zikawa ngumu, haziliki tena, mpaka fundi redio alipomwita kutoka ng'ambo ya ua.

"Mama, bamia zinaharibika. Nichume hata kidogo?"

"Chuma," alisema. "Chuma zote changa. Na wiki ijayo njoo tena."

Alimshikia kikapu mvua ikinyesha, fundi akichuma. Kisha akaingia ndani kubadilisha nguo, kwa sababu kesho yake alikuwa na zamu ya alfajiri.