Waya Uliong'olewa Injini Ikiunguruma

Servác Doležal alitengeneza matrekta ya shamba la ushirika kwa miaka thelathini na moja. Hata baada ya kustaafu, watu wa bonde lile hawakuamini kwamba chombo kimepona mpaka yeye akiguse. Ndiyo maana Jumanne alasiri jirani yake Otakar alimwita aangalie trekta lake dogo la bustani, ambalo lilikuwa likigoma kuwaka kila asubuhi.

Kiangazi lilikata majani. Majira ya baridi lilifungwa bamba la kusukumia theluji, na bila bamba hilo Blažena, mkewe Otakar, asingefika barabara kuu, ambako gari la hospitali lilimchukua mara tatu kwa wiki kwenda kusafishwa damu. Njia yao ilikuwa mita mia nane. Redio ilikwisha kutangaza theluji ya siku nne.

"Betri ni mpya," alisema Otakar. "Injini ikiwaka mita inasoma volti kumi na tatu na nusu, mara inashuka kumi na mbili."

"Mita ni za waliokosa masikio, jirani."

Servác akafanya alichozoea kufanya kwenye matrekta makubwa ya zamani. Injini ikiunguruma, alilegeza nati akang'oa waya kwenye betri. Injini haikuzimika. Taa ziling'aa ghafla, nyeupe kama moto wa kuchomelea, naye akaurudisha waya haraka.

"Umeona? Inachaji. Betri ndiyo umeuziwa mkweche."

Blažena alifungua dirisha. "Fundi, Alhamisi nikikwama nakuja kulala kwako."

"Karibu, dada, ila nakoroma kuliko hilo trekta."

Jumatano theluji ilianza. Otakar alisafisha njia mara moja tu, betri ikaisha. Servác alirudi, safari hii na mita yake mwenyewe mfukoni. Waliiwasha injini kwa chaja ya nyumbani. Kumi na mbili na pointi moja. Akaongeza mwendo wa injini, na badala ya kupanda ikashuka: kumi na mbili kamili. Umeme uliotoka chini ya injini ulikuwa mzima, lakini kwenye regyuleta, kifaa kinachodhibiti umeme unaokwenda kuchaji betri, hakikutoka kitu. Aliinama akainusa. Ilinuka rangi iliyoungua.

Kisha akapitisha mkono chini ya kiti. Bolti iliyoshika waya wa betri kwenye bodi ilikuwa imejaa kutu, ikazunguka kwa kidole. Ugonjwa wenyewe tangu mwanzo ulikuwa huo tu, wa kutibiwa kwa msasa na spana.

Dukani mjini walisema regyuleta itafika Jumatatu.

"Iliungua lini?" Otakar aliuliza.

Servác alijua kwamba akisema ni uzee wa chombo, Otakar angekubali.

"Jana. Niliiunguza mimi nilipong'oa waya, umeme ukakosa pa kwenda."

"Mke wangu alikuamini," alisema Otakar, akaenda kuunganisha chaja ili betri ijae kwa ajili ya asubuhi. Haikupita saa moja, taa za kijiji kizima zikazimika. Theluji ilikuwa imekata nyaya huko mlimani.

Alhamisi asubuhi injini iliwaka kwa chaji ndogo iliyokwisha kuingia. Blažena aliketi kwenye tela nyuma ya trekta, amefunikwa mablanketi mawili. Servác alitembea kando akiwa ameshika mita. Trekta lile likikosa umeme, valvu ya petroli hujifunga na injini hufa.

"Kumi na mbili," alisoma kwa sauti. Kwenye kona: "Kumi na moja na pointi nane."

"Usinisomee kama tanzia," alisema Blažena.

Walifika barabara kuu. Dereva wa gari la hospitali alimwinua Blažena, akamwingiza garini, mlango ukafungwa. Otakar akanyoosha mkono kwenye swichi.

"Usizime," alisema Servác. "Haitawaka tena."

"Anarudi saa nane mchana."

"Najua."

"Na Jumamosi anakwenda tena."

Servác aligeuka kutazama njia waliyotoka kuisafisha. Alama za magurudumu zilikuwa zimekwisha kufunikwa. Injini ilikohoa mara moja, ikaendelea. Mita ilisoma kumi na moja na nusu.