Wakataji Wawili wa Nyumba Moja

Mume wangu anaitwa Mkasi. Si jina alilopewa na mama yake, ila hata mama yake alikufa akimwita hivyo. Alikuwa mkataji katika kiwanda cha mashati tangu akiwa kijana wa kiuno chembamba mpaka akaota kitambi, na nikisema mkataji sisemi fundi wa kibarazani mwenye utepe shingoni. Nasema mtu anayetandika kitambaa tabaka juu ya tabaka mpaka kinafika kimo cha godoro, anaweka karatasi ya vipimo juu yake, kisha anasukuma mashine yenye wembe uliosimama, na kwa mkupuo mmoja anakata migongo ya mashati ya mtaa mzima. Ukiteleza hapo hujaharibu shati, umeharibu shehena. Mkono wa kushoto huvaa glavu ya nyuzi za chuma. Vidole vyake vyote vipo mpaka leo, na kwa watu wa kazi ile hiyo ndiyo shahada.

Huu ni mwaka wa nne hana kazi. Tajiri aliona ni nafuu kuleta nguo zilizoshonwa tayari, chumba cha kukatia kikafungwa, wakataji wakapewa mkono wa kwaheri. Mwanzoni hatukuogopa. Nilimwambia, fundi halali njaa, nani atamwacha mtu kama wewe? Kumbe wote. Watu hupenda kusema penye wazee haliharibiki neno, lakini kawaulize ni wangapi kati yao wanaowalipa wazee hao mshahara. Kila mlango aliobisha walimvutia kiti, wakamwamkia vizuri, wakamsifu uzoefu wake, kisha kazi wakampa kijana aliyekuwa amekaa nyuma yake. Heshima hiyo ningeweza kuitia chumvi na kuipika, tungekuwa tunashiba.

Basi akaanza kujikata mwenyewe. Alikuwa na uzoefu wa miaka mingi mno, na uzoefu ule ndio uliokuwa ukimfukuza, kwa hiyo akiulizwa alitaja kipande tu. Miaka kumi. Baadaye akasema saba. Nilimsikia akijizoeza mbele ya kioo, mtu mzima anayeitwa babu na wajukuu wa kaka yake, anafuta ujana wake wote ili wasimwone mzee. Akaniomba nimpake dawa nyeusi ya nywele. Wanasema akili ni nywele, kila mtu ana zake, na za kwake zilikuwa zimejaa mvi. Nilimpaka huku ninacheka, dawa ikamchuruzika, akaenda kwenye usaili na sikio moja jeusi tii kama sufuria. Aliporudi hatukucheka tena.

Nyumba niliibeba mimi, ninayefagia ofisi za watu. Sisemi hivyo kwa kujigamba. Kilichonichoma si kufagia, ni kumwona yeye. Ukipita na gauni jipya anakushika mkono wa gauni, anausugua kati ya vidole viwili, anakuambia kitambaa hiki kimekatwa kinyume cha nyuzi. Majirani walianza kumkwepa. Taulo alizikunja ncha kwa ncha mpaka nikaogopa kujifutia. Siku moja nilimkuta amekaa mezani na glavu ya chuma mkononi, hana kitambaa, hana chochote, amekaa tu. Nilimwonea huruma mpaka nikapandwa na hasira, nikamwambia avue, tunataka kula.

Kitu kimoja tu kilimweka hai, nacho ni kumfundisha kijana wetu. Tunaye mmoja, tunamwita Kimya kwa sababu tangu utotoni ukitaka neno kwake uje na koleo. Alimaliza shule akaambulia vibarua vya kupakia mizigo, leo vipo kesho havipo. Baba yake akamsimamisha pale mezani, wakakata mashuka yangu makuukuu, mapazia yangu, na mengine hayakuwa makuukuu. Rafiki mmoja mwenye karakana akawa anawaachia mashine Jumapili. Kijana akaurithi mkono wa baba yake wa kukata, mpaka kwenye vijino.

Vijino ni mikato midogo ukingoni mwa kitambaa, humwonyesha mshonaji mahali ambapo mkono wa shati unakutana na bega. Wakataji wote hukata kijino wima. Mkasi hukikata mshazari, ili mshonaji akiguse kwa kidole gumba bila kukitazama. Ni yeye aliyebuni, na wenzake walikuwa wakimtania kwamba anaandika sahihi. Kimya aliuchukua ule mshazari kama alivyochukua pua ya baba yake, bila kuuliza.

Sasa, kikafunguliwa kiwanda kipya upande wa pili wa mji. Wanataka mkataji. Mmoja. Na pale langoni walibandika wazi kwamba hawachukui watu wawili wa nyumba moja, maana waliwahi kuibiwa na mtu na shemeji yake. Mkasi aliniambia jioni, kwa sauti ya chini, macho yanamwaka. "Mama Kimya, hii ni yangu. Mtihani ni wa kukata, si wa maneno. Wataangalia mkono, hawataangalia kichwa."

"Nenda, baba. Mungu akutangulie."

"Usimwambie mtoto. Nikikosa, sitaki anione nimekosa tena."

Asubuhi alivaa, nikampaka dawa, safari hii sikio likapona. Kijana alikuwa ameshatoka mapema, kasema ameitwa kupakia saruji. Sikumwuliza zaidi. Niliwaombea wote wawili, nikaenda kufagia, na asubuhi yote moyo wangu ulikuwa mwepesi kama wa mwari. Lakini nilijua kwamba hii ikishindikana, mume wangu hatasimama tena.

Mchana nilirudi, nikamkuta Kimya jikoni. Amekaa kwenye kigoda, nguo safi, hana hata chembe ya saruji. Macho mekundu.

"Umeumia?" nikamwuliza.

"Nimepata kazi, mama."

Nilitaka kupiga vigelegele, lakini uso wake haukuwa wa vigelegele. "Kazi gani?"

"Ya kukata. Kile kiwanda kipya."

Nikamwambia, mwanangu, baba yako naye amekwenda huko huko. Akasema anajua. Alikuwa amemficha baba yake kwa sababu ile ile ambayo baba yake alimficha yeye. Kisha akanisimulia, na kwa mara ya kwanza tangu nimzae sikuhitaji koleo.

Walipofika walipewa namba za kubandika kifuani, jina litaandikwa la atakayepita tu. Chumba kikubwa, meza ndefu, kila mtu na tabaka zake. Kijana hakumwona baba yake mpaka kila mmoja alipokuwa amewasha mashine, na yule mzee hakuinua kichwa. Wakakata. Msimamizi, mama mmoja wa makamo mwenye miwani, akapita anagusa kazi ya kila mtu. Akafika kwa Mkasi, akapapasa ukingo, akatabasamu. Akaendelea. Akafika kwa Kimya, akapapasa, akasimama. Akarudi kwa Mkasi. Akarudi tena kwa Kimya.

Akawaita wote wawili mbele. "Hivi vijino vya mshazari sijawahi kuviona popote, leo naviona kwenye meza mbili. Mzee, huyu kijana ni nani wako?"

"Na baba akasema nini?" nikamwuliza, nikiwa nimeshalijua jibu ambalo baba yeyote angelitoa.

Kimya alitazama sakafu. "Akasema, simjui."

Nilidhani nimesikia vibaya.

"Akasema, simjui, labda alikuwa ananitazama akaiga."

Nimeishi na mtu huyu ujana wangu wote. Nimemwosha akiwa mgonjwa, nimemzika mama yake pamoja naye. Nilimwona akimbeba kijana huyu mgongoni kwenye matope ili asichafue viatu vya shule. Nilibaki mdomo wazi kama mtu aliyepigwa kofi na mpita njia, asijue hata amkamate nani. Si tu kwamba alimkana. Alimwita mwizi wa mkono ambao yeye mwenyewe alimpa.

"Wewe ukasema nini?"

"Sikusema. Yule mama alikasirika, akataka kunitoa nje. Mwenzake akasema nipewe kitambaa kingine nikakate chumba cha pembeni, peke yangu. Nikakata. Vijino vikatoka vile vile. Nikarudishwa mbele, baba yupo pale pale, yule mama akaniuliza na mimi, huyu mzee ni nani kwako? Nikasema hanijui, sisi hatujuani."

"Kwa nini ulisema hivyo?"

"Ningesemaje, mama? Ningemwumbua mbele za watu?"

Wakampa yeye. Wote wawili walikata sawa, lakini mmoja ana miaka mingi mbele na mwingine anayo nyuma, hilo halihitaji miwani. Mzee akaambiwa namba yake ya simu ibaki, wakimhitaji watampigia. Kimya alimngoja langoni, lakini baba yake alitokea mlango mwingine.

Nilimwambia aingie chumbani apumzike. Nikakaa kumngoja mume wangu, na nilipokuwa namngoja nilimtengenezea sababu. Ile sheria ya watu wa nyumba moja. Bila shaka alimkana ili kijana asifukuzwe, na hilo la kuiga lilimtoka kwa woga. Damu ni nzito kuliko maji. Nilipomaliza kuishona sababu ile nilikuwa nimeshaiamini nusu.

Akaja jua likiwa limepoa. Akavua viatu mlangoni, akavipanga. "Wamesema watapiga," akasema.

"Kimya amenieleza."

Alisimama vilevile, mkono umeshika ukuta. Nikamwambia polepole, kama mtu anayemshika kipofu mkono, "Najua kwa nini ulisema vile. Hawachukui wawili wa nyumba moja. Ulikuwa unamlinda mtoto. Si ndiyo?"

Nilimfungulia mlango mzima. Angeitikia tu, ningemwamini mpaka kaburini.

"Hapana," akasema.

"Baba Kimya."

"Sikumlinda. Niliitaka ile kazi. Yule mama aligusa kazi yangu akatabasamu, nikajua nimepata. Kisha nikamwona akiigusa ya mwingine. Nikaona kijana mmoja tu, amesimama kati yangu na ile meza, kama wale wengine wote. Nilimwona kabisa kwamba ni yeye. Na bado nikasema."

Hakulia. Alisema kama mtu anayetaja anapoumwa. Nilitaka kumtukana, na mimi matusi huwa hayanipungukii, lakini siku ile sikupata hata moja. Nilimwogopa mume wangu. Nilimwogopa, na nilitaka kumkumbatia, na nikashindwa yote mawili.

Mlango wa chumbani ukafunguka. Kimya alikuwa amesikia, kuta zetu si za kuficha siri. Alikuja akasimama mbele ya baba yake, nami nikajua sasa nyumba yangu inavunjika.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Mkasi alimtazama kidogo kisha akatazama mikono yake. "Wamekuweka meza gani?"

"Ya dirishani."

"Kuna mwanga pale."

"Upo, baba."

"Mashine ile ya mwisho, ile ya kijani, umeiona? Inavuta upande wa kulia?"

"Kidogo."

"Usiilazimishe. Ishike legelege, itakuja yenyewe. Glavu je, wanatoa? Inakutosha?" Aliuliza kila kitu, karibu pumzi inamwishia, kama mtu mwenye njaa anayemwuliza mwenzake aliyetoka karamuni walikula nini. Kitambaa cha aina gani. Tabaka ngapi. Chai wanakunywa wapi. Na mwanangu akamjibu moja baada ya jingine, bila kinyongo, na mimi nikaanza kupumua, nikasema moyoni yamekwisha, ni baba na mwanawe.

Kisha Mkasi akashusha sauti.

"Jumatatu ukienda," akasema, "wakikuuliza tena, endelea kusema hunijui. Huenda wakanipigia."

Kimya alinitazama mimi kwanza, kisha akamtazama yeye.

"Sawa, baba," akasema.