Upinde Aliouvunja Mkewe

Tangu astaafu, fundi mmoja wa milango hakuwa na kazi nyingine ila kuchonga pinde katika banda lake nyuma ya nyumba, na ukitaka akununie wiki nzima, sifu upinde wa mtu mwingine mbele yake. Mkewe ndiye aliyemvumilia. Kila alasiri aliketi mle ndani kati ya maranda, akichambua mchele na kupiga soga. Fundi alijifanya hasikii, kumbe bila soga hizo kazi haikumwendea.

Siku moja, miaka tisa iliyopita, fundi alitoka kwenda kununua msasa. Mkewe akauchukua upinde mpya, akauvuta bila mshale, akauachia. Ukakatika vipande viwili. Kila mchonga pinde anajua kwamba nguvu isipopata mshale wa kusukuma, humalizikia kwenye mti wenyewe. Aliporudi, fundi alifoka mpaka jirani akachungulia.

"Nani kakwambia ushike? Mikono yako hiyo!"

Mke aliomba radhi, akabeba ungo wake, na hakukanyaga tena bandani.

Hasira ziliposhuka, fundi akaokota vipande. Mpasuko ulianzia mgongoni mwa upinde, pale kisu kilipomteleza akakata tabaka la mti lisilotakiwa kuguswa. Ufa ule aliujua wiki nzima kabla. Aliuziba kwa gundi na unga wa mbao, akapiga msasa, akajidanganya kuwa yamekwisha. Upinde ungevunjika hata mikononi mwake, kwa mshale au bila mshale. Akafyata ulimi.

Aibu iliyoje, mtu mzima na mvi zake kujificha nyuma ya mkewe! Na mke, kwa moyo wake mweupe, akaligeuza jambo lile kuwa kichekesho cha wageni.

"Mwenzenu nina mikono ya kubomoa," alizoea kusema. "Mkinipa kikombe, nunueni kabisa cha pili."

Jumapili iliyopita shemeji yake fundi alikuja kunywa chai, kichekesho kikatolewa tena. Shemeji akacheka, fundi naye akacheka. Kisha akamwona mkewe akiitazama mikono yake mwenyewe, halafu akiiteremsha chini ya meza.

Mgeni alipoondoka, fundi akasema, "Mama watoto, upinde ule hukuuvunja wewe. Ulikuwa na ufa. Niliuziba mimi."

Mke aliweka vikombe chini. "Ulijua lini kuwa si mimi?"

"Siku ileile."

Mkewe akakusanya makombo ya mkate kwa kidole, taratibu. Fundi alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa machozi.

"Kunifokea, basi, ulikuwa na hasira," mkewe alisema. "Lakini mara zote hizo nilipojichekesha mbele za watu, ulikuwa umekaa papo hapo. Baba watoto, ulikuwa unacheka kweli?"

Fundi akavichukua vikombe kwenda kuviosha, maana mara nyingi alikuwa akicheka kweli.