Matabishi ya Bondia

Wiki zile zote, yule bondia alitoka mazoezini asubuhi akiwa amelowa jasho na kusimama mbele ya sufuria yangu ya sambaza, samaki wadogo wa ziwani, hapa Keshero. Ilibidi apunguze kilo tatu kabla ya kupimwa uzito wa pambano Jumamosi, na nguvu za kupiga zibaki. Kwa hiyo fufu hakugusa, andazi hakutazama. Alichukua kikombe kimoja cha samaki wa kuchemsha na yai moja, akatafuna polepole, vichwa na miiba, kama mtu anayesikiliza kitu ndani ya mwili wake. Nami, kama muuzaji yeyote wa hapa, nilimwongezea matabishi, samaki watatu wanne wa bure. Aliwarudisha sufuriani mmoja mmoja. "Unisamehe, mama. Kipimo ni kipimo." Nilikasirika kweli, nani anakataa matabishi?

Jumatano mikono ilimtetemeka hata kumenya yai kukamshinda. Nikammenyea. "Mutoto, njaa itakuua."

"Hapana, mama. Hii samaki inashona nyama ya mwili. Kesho utaona."

Na kesho yake nilimwona akipanda kilima cha mawe meusi mbio, mikono ile ile ikipiga hewa upesi hadi macho yangu yakashindwa kuifuata. Nikasahau kugeuza samaki wa kukaanga wa mteja mwingine.

Jumatatu alikuja, jicho moja limevimba, redio imeshatangaza kwamba ameshinda. Akanyoosha bakuli lake.

"Mama, leo nipe matabishi. Pamoja na yale yote niliyokurudishia."