Soli za Mwalimu wa Walsi

Kabla hajakanyaga sakafu, mwalimu wa dansi hupangusa soli za viatu vyake kwa leso, cha kulia kwanza, kisha cha kushoto. Roswitha, muuza jibini aliyeteremka Vienna kutoka milimani, ameliona hilo kila Jumatano tangu aanze kujifunza walsi, dansi ya wawili ya kuzunguka. Mikono ya mwalimu ni ya baridi, na sauti yake haipandi hata anapokemea. "Teleza, mama. Sakafu haijakukosea kitu."

Leo Roswitha akakanyaga kwa kishindo tena. "Unaua mende?" mwalimu akauliza, na darasa zima likaangua kicheko.

Roswitha akapandwa na hasira. "Kwetu walsi tunaicheza ghalani, kwa buti za misumari! Nyie mmeichukua tu mkaipaka nta kama sakafu yenu!"

Roswitha alijua leo anafukuzwa. Lakini mwalimu akamshika kiuno, akamzungusha kushoto, na kila mzunguko viatu vyake mwenyewe vinavyong'aa vikapiga mbao, paa! mpaka vioo vya ukutani vikatetemeka.

"Kwani mwalimu, wewe wa wapi?" Roswitha akauliza huku akihema.

"Kijiji kinachofuata baada ya chenu," akanong'ona, akiinama kupangusa soli zake tena kwa leso. "Sasa teleza, watu wanatutazama."