Cheche Nyeupe

Baba yangu hununua vyuma chakavu Kariobangi na kutengenezea milango. Hamwamini muuzaji yeyote. Kila kipande hukigusisha kwanza kwenye grenda, akatazama rangi ya cheche, ndipo akasema ni chuma gani.

Jumamosi moja alikuja karakanani jirani yetu, ambaye nilisoma naye uhandisi wa metali. Chuoni nilimshinda kila muhula. Sasa alikuwa likizoni kutoka ng'ambo, anakofanya kazi kwenye kiwanda kinachotengeneza titani ya mitambo mizito. Alimletea baba yangu kipande cha kijivu, urefu wa kidole. Akaeleza jinsi mchanga mweusi wa Pwani yetu unavyofika huko kwa meli na kugeuzwa metali. Nikawaza kwamba hata mchanga ulipata kazi kabla yangu.

"Niaje, topi," aliniambia, kwa jina alilonipa chuoni kwa kuongoza darasa. "Ukikuja pale, ni wewe utanifunza."

Niliyachambua maneno hayo nikitafuta dharau. Sikuipata, na hilo likaniudhi zaidi.

Nikakipima kile kipande mkononi, nikasema huenda ni alumini tu. Alumini haitoi cheche. Baba akawasha grenda, nami nikaomba kimoyomoyo zisitoke.

Zilitoka nyeupe, rangi ya titani, kali kama za kuchomelea, zikamulika hadi milango iliyoegemezwa ukutani. Baba akazima mashine, akacheka kwa furaha ambayo sikuwa nimeisikia tangu siku ya mahafali yangu. Kisha akanigeukia.

"Na wewe, hawa watu walikukataa kwa nini?"

Ndivyo nilivyokuwa nimemwambia. Ukweli ni kwamba tangazo la kazi ya kiwanda hicho tuliliona pamoja, mimi na jirani. Barua ya jirani niliisahihisha mimi, jioni moja, ikatumwa. Yangu niliandika sentensi ya kwanza, nikaifuta, nikaiandika upya, hadi siku ya mwisho ikapita.

Jirani alijua yote. Aliinama akajifanya anafunga kamba za viatu. Alikuwa ananifichia siri, na hata wema huo nilimwonea wivu.

"Hawakunikataa, baba. Sikuituma barua."

Baba akafuta mikono kwa kitambaa. Kisha akamuuliza jirani kama bado wanaajiri. Akasema ndiyo.

"Basi kaeni hapo muiandike," baba akasema, kisha akamtazama jirani. "Na wewe usimwachie kalamu."

Jirani akavuta kigoda, akatoa simu, akaanza kuandika sentensi yangu ya kwanza. Ilikuwa mbaya. Nikauma ulimi, nikamwacha aendelee.